Amplifaya ya Tatu

Fyuzi hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na baba yake akiwa na miaka minne, kwa sababu, kama mzee alivyopenda kuwaeleza wageni, "huyu ukimgusa kidogo tu anaungua, halafu nyumba nzima giza." Jina likamganda. Alipofika miaka thelathini na mitano, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu juu ya paji la uso, wateja wa karakana walikuwa wakimwita Fundi Fyuzi bila hata kutabasamu, naye akiitika.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlango mmoja ulitokea barabarani, mwingine ulifungukia jikoni, hivyo mafusho ya risasi ya kulehemu na harufu ya vitunguu vilizoeana siku nyingi. Baba alikuwa akiunda amplifaya za valvu, zile zenye chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kama makaa yaliyo mbioni kuzimika. Redio za kisasa zilishaachana nazo zamani, lakini wako watu wenye santuri zao na wivu wao, ambao hawataki kusikia muziki kwa njia nyingine yoyote. Baba aliwaundia hao. Alikata bati mwenyewe, akatoboa mwenyewe, akaunga waya mmoja mmoja, na kila baada ya miezi mitatu minne ikatoka amplifaya moja. Kazi ya Fyuzi ilikuwa mwisho: kuiwasha siku mbili mfululizo kuona haileti ukorofi, kuipangusa, kuifunga kwenye boksi na kuipeleka kwa mwenyewe.

Mzee alizihesabu aina za amplifaya zake kama watu wanavyohesabu watoto. Ya Kwanza ilikuwa na sauti ya upole, kama mtu anayekusemesha akiwa kakaa kiti cha pili, ila ukiikaza inachoka na kuanza kukwaruza. Ya Pili ilitibu hilo. Alibadilisha transfoma, akapanga upya njia ya umeme, na besi ikashikamana, mwimbaji akawa anasimama katikati ya chumba kiasi kwamba unaona aibu kupita mbele yake. "Ya Pili imemaliza ubishi," baba alisema, na kwa miaka sita hakubuni aina nyingine.

Kisha asubuhi moja aliizima katikati ya wimbo, akakaa akiitazama.

"Ya Pili imezeeka," alisema.

"Imezeekaje, baba?"

"Matoazi yamepotea. Kama kuna mtu kaziba spika na pamba."

Fyuzi akaiwasha tena, akasikiliza. Matoazi yalikuwepo, safi, yakimetameta nyuma ya ngoma kama siku zote. Hata hivyo hakubisha. Walibadilisha valvu, wakabadilisha waya, wakaleta spika nyingine kutoka sebuleni. Kila mara baba alitikisa kichwa. Ndipo Fyuzi alipoanza kuunganisha mambo ambayo alikuwa ameyapuuza moja moja: birika lililopiga mluzi jikoni mpaka likakauka huku baba ameketi hatua tatu kutoka hapo, ile saa yake ya mkononi iliyolia kila saa kamili, naye siku hizi haangalii hata mkono, na jinsi alivyopenda kumkazia macho mtu midomoni anapozungumza.

Akamfuata mama jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mama, baba hasikii vizuri. Sauti nyembamba zote zimemtoka."

Mama hakuinua uso. "Nimejua kabla yako."

"Basi tumwambie."

"Thubutu!" Sasa mama aliinua uso, na kisu pia. "Mwanamume yule ameishi kwa masikio yake miaka arobaini. Mtaa mzima unamjua kwa masikio. Ukimwambia hayo, mchimbie na kaburi kabisa. Mwache na mambo yake, mwanangu. Nani anaumia?"

Fyuzi akarudi karakanani. Kusema kweli, alipata nafuu kukatazwa.

Baba akajifungia na Ya Tatu miezi minne. Ilipokuwa tayari, alimwita fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mteja wao wa siku nyingi, mtu mrefu mwenye mkanda wa kupimia shingoni ambao huenda alilala nao. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee alikuwa amevaa shati la pasi. Aliziweka Ya Pili na Ya Tatu bega kwa bega juu ya meza, akazipitisha kwenye swichi moja ili aweze kuruka kutoka hii kwenda ile bila kusimamisha santuri.

"Leo hakuna undugu," alisema akisugua viganja. "Semeni mnachosikia. Mimi sitatia neno."

Fundi cherehani alikuja na santuri yake mwenyewe, kwaya ya wanawake peke yao, wakiimbia ngoma na matoazi. Baba akaanza na Ya Pili. Wanawake wakaimba, na Fyuzi akajisikia vizuri kama anavyojisikia siku zote. Kisha swichi ikalia tak, ikaingia Ya Tatu.

Kila penye herufi ya "s" palitoka sindano. Sauti za wale wanawake zilikuwa kama zimeng'arishwa kwa msasa. Matoazi yalifanana na mtu anayeburura msumari juu ya bati. Besi ilikuwa imekonda, imebaki mifupa. Fundi cherehani akakaza mkanda wake wa shingoni bila kujua. Akamtupia Fyuzi jicho, Fyuzi naye akatazama chini.

Lakini baba! Baba alikuwa amefumba macho, ameinua kidevu, uso umemkunjuka kama wa mtu aliyepokea barua kutoka mbali.

"Huyu hapa," alinong'ona. "Huyu wa kushoto, mwembamba, sijamsikia mwaka mzima. Huyu hapa amerudi."

Wimbo ukaisha. Akawageukia.

"Haya."

Fundi cherehani akakohoa. "Hii mpya, mzee wangu… ina uwazi. Uwazi kweli kweli. Hakuna pa kujificha."

"Na wewe, Fyuzi?"

Alikuwa na muda wa kutosha. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwamba hakukurupuka. Aliuona mlango wa jikoni ukiwa wazi kidogo na kanga ya mama nyuma yake. Akauona uso wa baba. Akapima, kisha akasema, "Ya Tatu ni bora, baba. Iko mbali sana na Ya Pili."

Baba akacheka, akampiga begani. "Nilijua. Wewe una masikio yangu."

Fundi cherehani aliichukua Ya Tatu ya kwanza kabisa, kwa heshima tu. Haikupita wiki akarudi nayo kaifunika kwa kitambaa cha suti, baba akiwa ametoka.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "hii mashine inanitoboa kichwa. Mke wangu kahamia chumba cha nyuma. Sitaki kumvunja moyo mzee. Huwezi kuipunguza makali?"

Fyuzi aliigeuza juu chini, akafungua bati la tumboni. Alijua vizuri baba alifanya nini. Kulikuwa na kapasita, kile kichujio cha sauti, ndogo kama punje ya dengu, aliyoipachika kwenye kidude cha kuongezea sauti ili sauti nyembamba zipite kwa wingi. Na mahali pengine aliondoa kapasita nene akaweka ndogo, na ndiyo iliyokondesha besi. Akaing'oa ile ya dengu. Akarudisha ile nene. Kazi ya robo saa. Walipoiwasha, wanawake wa kwaya walirudi kuwa watu.

"Aaah," alisema fundi cherehani. "Sasa hii ndiyo amplifaya. Nitamwambia mzee naipenda, na sitakuwa nimesema uongo."

Akamwambia hivyohivyo. Baba alifurahi mpaka akaimba akiwa bafuni.

Baada ya hapo, mambo yalijiendesha yenyewe. Kwa kuwa Fyuzi ndiye aliyefunga maboksi, kila Ya Tatu ilipita mikononi mwake mwisho, na kila iliyopita aliifungua, akang'oa ndogo, akarudisha nene, akafunga. Alichagua saa baba anapolala baada ya chakula cha mchana. Mwanzoni alisimama kila mara kusikiliza mlangoni kama mwizi. Baadaye akawa anafanya huku anafikiria mambo mengine. Miaka mitatu, amplifaya tisa. Sifa zilirudi kwa simu na kwa miguu, na baba akazipokea zote. Alinunua daftari gumu akaanza kuandika tofauti kati ya Ya Kwanza, Ya Pili na Ya Tatu, kwa ajili ya mafundi wa kesho. "Fundi asiogope sauti nyembamba," aliandika, kisha akamsomea Fyuzi kwa sauti. Ile aliyokuwa nayo yeye mwenyewe karakanani, ambayo haikuguswa, aliiwasha kila asubuhi, na Fyuzi akajifunza kutafuta kazi za nje saa hizo.

Mara mbili alitaka kusema. Mara ya kwanza walikuwa wawili tu, wanatoboa bati, na baba akasema kwa mzaha kwamba siku hizi watu wanaongea kama wana chakula mdomoni. Neno lilimfika Fyuzi kwenye ulimi. Akaomba apewe koleo. Mara ya pili hata haikumbuki vizuri.

Siku ilipofika, Fyuzi alikuwa ameenda kwa seremala kufuata maboksi. Mama wa duka la vitabu, mteja wa tano wa Ya Tatu, alikuja na yake. Upande mmoja ulikuwa umekufa. Baba akampokea, akamkalisha, akaichomeka mita na kuiona ni valvu imeungua tu. Angeweza kubadilisha valvu bila kufungua chochote. Lakini alikuwa fundi, na fundi hawezi kumtibu mgonjwa bila kumtazama tumboni.

Fyuzi aliporudi, mama wa vitabu alishaondoka. Mezani kulikuwa na amplifaya tatu zimelala chali: ya mama wa vitabu, ya fundi cherehani, na ya baba mwenyewe katikati. Taa ya meza ilikuwa imeinamishwa juu yao. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imemlegea.

Baba hakugeuka. "Risasi yako inang'aa," alisema.

"Baba…"

"Unaondoa chuma cha kulehemu mapema kidogo kuliko mimi, halafu unakivuta kushoto. Inabaki na kimkia. Nimekulea na hicho kimkia tangu una miaka kumi. Nilidhani ni ya mtu mwingine, nikaenda kuomba ya fundi cherehani. Nayo ina kimkia." Akagusa kwa ncha ya bisibisi mahali palipokuwa na kapasita ndogo. "Ngapi?"

"Zote, baba. Isipokuwa hiyo yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

Baba aliweka bisibisi chini. Nje mtu aliburuta mkokoteni, ukapita, ukaisha.

"Kwa nini?"

Fyuzi alijikaza. "Kwa sababu ilikuwa inaumiza masikio. Na wewe hukuwa unasikia, baba. Sauti nyembamba zimekutoka. Miaka minne, mitano sasa."

"Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie," mama alisema kutoka mlangoni. "Kama ni lawama nipe mimi."

"Kumbe na wewe." Akavua miwani, akaikunja taratibu. "Na fundi cherehani pia, maana leo kanitazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi mkononi. Kwa hiyo miaka mitatu mmenivika kilemba cha ukoka, na mimi nikatembea nacho mtaani. Watu wananisifu kwa kazi yako, Fyuzi, nami naitikia asante, asante. Nimeandika na kitabu."

"Sikutaka uumie."

"Najua hukutaka."

Hakupaza sauti. Fyuzi alikuwa amejiandaa kwa kelele miaka yote mitatu. Alikuwa na majibu ya kelele. Baba alibadilisha valvu ya mama wa vitabu, akafunga bati, akaacha kapasita za Fyuzi zilivyo. Kisha akaenda kulala, ingawa ilikuwa saa tisa tu.

Wiki iliyofuata alienda kliniki ya masikio peke yake. Hakutaka msindikizaji. Aliporudi aliwaeleza mezani, kwa kifupi, kama mtu anayesoma taarifa: masikio yote mawili, sauti za juu zimekwisha, mpimaji amesema ni jambo la kawaida kwa umri wake, amesema pia angekuja mapema, kifaa kingemkaa vizuri zaidi, kwa sababu ubongo nao husahau. "Alisema hivyo," baba alirudia. "Ubongo nao husahau."

Kifaa kilipofika, vijidude viwili vya rangi ya ngozi, alivivaa akaingia karakanani, akaketi mbele ya Ya Tatu yake na kuiwasha. Fyuzi alikuwa pale. Haikufika dakika moja. Baba alikunja uso, akashika sikio, akanyoosha mkono kuizima.

"Nimewauzia watu hii?" alisema.

"Hapana, baba. Hukuwauzia hiyo."

"Ningewauzia."

Akawasha Ya Pili. Akasikiliza muda mrefu zaidi, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Mwishowe alitikisa kichwa. Vile vidude vilijua kumletea maneno ya watu, alisema, lakini muziki vinauleta kama kupitia simu. Anasikia kwamba kuna matoazi. Hasikii matoazi.

Fyuzi alikuwa amelipanga neno lake siku tatu. Akavuta kiti karibu. "Tufanye hivi. Wewe mikono yako haijapungua kitu. Unda Ya Nne. Mimi nitakuwa masikio. Kila hatua nitakwambia ninachosikia, na tutarekebisha pamoja."

Baba alimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yakamlowa.

"Ungeniambia maneno hayo ile Jumamosi," alisema, "fundi cherehani amekaa pale, ningekubali. Ningenuna siku mbili, nisingekula, ungenijua. Halafu ningekubali. Ningependa sana." Akapangusa miwani kwa pindo la shati. "Lakini sasa, mwanangu, nikikuuliza hii ikoje, ukaniambia nzuri, nitajuaje?"

"Nitasema kweli."

"Siku ile niliwaambia, semeni mnachosikia."

Hakukuwa na zaidi. Daftari gumu hakulichana. Alilipanga kabatini pamoja na vitabu vya simu vya zamani. Akahamishia meza yake upande wa dirisha na kuanza kupokea pasi, feni na majiko ya umeme ya majirani. Vitu ambavyo, alisema, ama vinazunguka ama havizunguki. Meza ya katikati akamwachia Fyuzi.

Fyuzi akaunda Ya Pili, kwa jina lake sasa, na wateja hawakupungua. Mteja aliyetaka kulinganisha alipomgeukia mzee na kuuliza ipi bora, mzee alijibu bila kinyongo chochote, "Muulize binti. Yeye ndiye anayesikia," kisha akarudi kwenye feni yake. Kila aliposema hivyo Fyuzi alisahau alikuwa anamweleza nini mteja. Alijifunza kusema kweli kwa ukali usiohitajika; alimwambia fundi cherehani kwamba spika zake mpya ni takataka, jambo ambalo halikumpendeza fundi cherehani hata kidogo. Usiku, mama alimwambia baba amrudie mtoto. "Nimemwacha wapi?" baba aliuliza, na kweli hakuwa amemwacha. Walikula pamoja, walitaniana. Kitu kimoja tu hakumwuliza tena: hii ikoje?

Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha Fyuzi alipowasha amplifaya mpya aliyoiunga na kusikia mvumo. Alipekua siku nzima. Akabadilisha njia za waya, akakaza skrubu, akaanza upya, mvumo uko palepale. Alikuwa ameinamisha kichwa mezani aliposikia kiti cha dirishani kikisogezwa.

"Hiyo inavuma," baba alisema.

Fyuzi akainua kichwa. Mvumo wa umeme ni sauti nene, ya chini kabisa. "Unausikia?"

"Nausikia. Hata bila hivi." Alivitoa vile vidude, akaviweka mfukoni mwa shati, akaja akasimama kando ya binti yake. Akainamisha taa. Alipekua kwa macho, polepole, kidole kikitembea hewani juu ya waya bila kugusa. "Hapa umeunganisha waya wa ardhi sehemu mbili. Ng'oa mmoja."

Akaung'oa. Mvumo ukakatika, chumba kikawa kimya, na wote wawili wakabaki wameinama wakiusikiliza ule ukimya.

"Umekwisha," alisema baba.

"Umekwisha," alisema Fyuzi.

Alingoja. Santuri ilikuwa tayari imewekwa, ilibaki kushusha sindano tu. Baba aliitazama ile santuri, akamtazama yeye, kisha akampigapiga begani mara mbili na kurudi dirishani, ambako kulikuwa na pasi ya mtu iliyokuwa ikitakiwa kabla ya jioni.